John Strachey na hasara ya karanga za Kongwa

Mkulima wa Ismani au Mbarali anayefikiria kukopa ili anunue trekta hana budi kumfahamu John Strachey. Hakuwa mkulima, lakini jina lake halitenganishwi na mradi wa kilimo cha mashine ulioanguka vibaya kuliko yote Tanganyika.

Strachey alizaliwa Uingereza mwaka 1901, akasoma Eton na Oxford. Aliingia Bungeni kwa tiketi ya Labour mwaka 1929, akapoteza kiti mwaka 1931, kisha akajulikana kwa vitabu vyake vya siasa na uchumi. Alirudi Bungeni mwaka 1945, na Mei 1946 akawa Waziri wa Chakula.

Nchi yake ilikuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula. Frank Samuel wa kampuni ya United Africa alipendekeza karanga zilimwe Afrika Mashariki. Ujumbe wa John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, ulizunguka kwa wiki tisa tu, ukapendekeza zaidi ya ekari milioni 3 kwa gharama ya takriban pauni milioni 25. Strachey aliukubali mpango huo na kuutetea Bungeni.

Kosa la kwanza la uongozi lilikuwa kuanza bila shamba la majaribio. Wagogo walijua kwamba mvua za Kongwa si za kutegemea. Udongo wake nao hukauka ukawa mgumu kama saruji, kiasi kwamba karanga hazing'oki kwa urahisi.

La pili lilikuwa mashine. Yalinunuliwa matrekta yaliyobaki vitani, mengine kutoka Ufilipino, na hata vifaru vikageuzwa matrekta. Vipuri vilikuwa haba, mafundi hawakutosha, na mashine nyingi zikaharibika mapema.

La tatu lilikuwa kukataa kusoma hesabu. Lengo la mwaka 1947 lilikuwa kusafisha ekari 150,000. Zilizopatikana hazikuzidi 7,500, yaani asilimia 5. Hapo kusimama kungegharimu kidogo. Badala yake, mwaka 1948 mradi ulikabidhiwa Shirika la Chakula la Ng'ambo, chini ya Leslie Plummer aliyetoka kwenye biashara ya magazeti, na fedha zikaendelea kumwagwa.

Mwaka 1949 Wakefield aliondolewa kwenye bodi. Strachey alibaki hadi mwaka 1950, alipohamishiwa Wizara ya Vita. Januari 1951 serikali ilitangaza kuufuta mradi, na hasara ikafikia pauni milioni 36 hivi. Strachey alifariki mwaka 1963.

Hakuwa mjinga wala mwizi. Aliogopa kukiri kwamba fedha zilizokwisha kutumika hazirudi, akatumia nyingine kuzifuata. Wachumi wanaujua ugonjwa huu, nao huua kampuni za kompyuta kama unavyoua vikundi vya wakulima.

Kwa hiyo, kabla ya kusaini mkopo, jaribu ekari 2 kwanza. Waulize wazee wa eneo hilo kuhusu mvua. Hakikisha vipuri na fundi wanapatikana Iringa au Mbeya mjini. Mwisho, andika mapema kiwango cha hasara ambacho kikifikiwa utasimama, kisha ukiheshimu.