Argwings-Kodhek: Wakili Kati ya Sheria na Haki

Clement Argwings-Kodhek, wakili wa kwanza Mwafrika nchini Kenya, alizaliwa Gem mwaka 1923. Alisomea Makerere, kisha Uingereza.

Hali ya Hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, maeneo ya Wakikuyu, Waembu na Wameru, tangu Kiambu hadi nyanda za Mitunguu, yalikuja kutawaliwa kwa kanuni kali. Kulisha kiapo au kupatikana na risasi kulitosha kumfikisha mtu kitanzini. Zaidi ya watu 1,000 walinyongwa. Argwings-Kodhek, ingawa Mjaluo, aliwatetea washukiwa wa Mau Mau, akionyesha kwamba haki haina kabila.

Hata hivyo, wakili humwokoa mshtakiwa mmoja; sheria dhalimu hubaki. Ndiyo sababu aliingia siasani. Mwaka 1955 serikali iliruhusu vyama vya wilaya pekee, na Mkoa wa Kati, Meru na Embu zikiwemo, ukanyimwa hata hivyo. Chama chake cha kitaifa kilikataliwa, kikalazimika kuwa cha Nairobi tu. Mwaka 1957 alishindwa uchaguzini na Tom Mboya.

Baada ya uhuru alikuwa waziri, akafariki Januari 1969. Maisha yake yanadhihirisha kuwa utetezi wa mahakamani haukamiliki pasipo raia kushiriki kutunga sheria zinazowahukumu.