Dk. Denis Burkitt: Daktari wa jicho moja aliyetufundisha kuangalia chooni

Ndugu msikilizaji, makala hii inamhusu mtu ambaye jina lake hutajwa kila siku katika wodi za watoto wenye saratani, hapa Kanda ya Ziwa na kwingineko duniani. Madaktari wakisema Burkitt, huwa wanamaanisha ule uvimbe wa taya unaowapata watoto. Si wengi wanaojua kwamba Burkitt alikuwa mtu, tena aliyeishi jirani zetu Uganda kwa karibu miaka 20. Na si wengi wanaojua kwamba sehemu ya pili ya maisha yake aliitumia kufuatilia ugonjwa mwingine kabisa, yaani saratani ya utumbo mpana.

Tumeamua kusimulia maisha yake kwa sababu moja. Kila tunapoigusa saratani hiyo kwenye kipindi cha afya, wengi hujibu kwamba huo ni ugonjwa wa Wazungu na watu wa mjini. Burkitt ni mmoja wa watu waliosambaza habari kwamba vijijini Afrika ugonjwa huo ni nadra. Basi ni vizuri tujue alichokiona hasa, na tujue pia kipi hakukisema.

Kutoka Ireland hadi Lira

Denis Parsons Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 katika mji wa Enniskillen, kaskazini mwa Ireland. Baba yake alikuwa mhandisi wa barabara na madaraja, na muda wake wa mapumziko aliutumia kuchunguza ndege. Aliwawekea alama miguuni, akachora ramani ya mahali kila mmoja alipoishi. Tabia hiyo ya kuangalia kwa subira na kuweka kumbukumbu kwenye ramani mtoto aliirithi.

Akiwa na umri wa miaka 11, Denis alipigwa jiwe usoni katika ugomvi wa watoto wa shule, na jicho moja likapotea. Hata hivyo alisoma udaktari katika Chuo cha Trinity, Dublin, akahitimu mwaka 1935, kisha akafuzu upasuaji. Alikuwa Mkristo mwenye imani kubwa na alitamani kufanya kazi Afrika. Alipoomba kazi katika utumishi wa makoloni, alikataliwa mara ya kwanza kwa sababu ya jicho lile.

Vita Kuu ya Pili ndiyo iliyomleta Afrika Mashariki, akiwa daktari wa jeshi la Uingereza nchini Kenya. Vita vilipokwisha aliomba tena, akapokelewa, na mwaka 1946 akapelekwa Uganda. Kituo chake cha kwanza kilikuwa Lira, katika wilaya ya Lango.

Huko Lira aliwafanyia upasuaji wanaume wengi wenye mabusha. Akagundua kwamba wengi wao wanatoka upande wa mashariki wa wilaya, na upande wa magharibi karibu hakuna. Wilaya ni moja na hospitali ni moja, lakini ugonjwa una mipaka yake. Tangu hapo swali lake halikuwa tena mgonjwa ana nini tu. Alitaka kujua pia anatoka wapi, na kwa nini watu wa kule ng'ambo hawaumwi.

Uvimbe wa taya

Baadaye alihamia hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita amtazame mtoto wa kiume aliyevimba taya pande zote, juu na chini, kulia na kushoto. Burkitt hakuwahi kuona kitu kama hicho. Wiki chache baadaye, akiwa hospitali ya Jinja, alichungulia dirishani akamwona nje mtoto mwingine mwenye uso uleule. Hapo akajua kwamba hili si jambo la mtoto mmoja.

Alianza kuchimbua kumbukumbu za hospitali. Akakuta kwamba watoto wengi wenye uvimbe wa taya walikuwa pia na uvimbe tumboni, na kwamba ni ugonjwa mmoja, saratani inayoanzia kwenye chembechembe za kinga ya mwili. Alichapisha taarifa yake ya kwanza mwaka 1958. Kisha akatuma vipeperushi vyenye picha kwa hospitali nyingi barani Afrika, akiuliza kama wameona watoto wa namna hiyo.

Majibu hayakumtosha. Mwishoni mwa mwaka 1961, miezi ileile Tanganyika ilipokuwa ikijiandaa kwa uhuru, yeye na madaktari wenzake wawili walipanda gari kuukuu aina ya Ford lililonunuliwa kwa pauni 250, wakashika njia kuelekea kusini. Walipita Tanganyika na Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, hadi Afrika Kusini, kisha wakarudi. Walitumia wiki 10 na kukata kilomita zipatazo 16,000, wakaingia hospitali zaidi ya 50, wakiuliza kila mahali swali lilelile. Ramani iliyopatikana ilionyesha kwamba ugonjwa unakaa kwenye joto na mvua na hauonekani kwenye milima yenye baridi. Ilifanana sana na ramani ya malaria.

Mwaka huohuo mtafiti Anthony Epstein alikuwa amemsikia Burkitt akihutubia London. Burkitt akawa anamtumia vipande vya uvimbe kwa ndege kutoka Uganda, na mwaka 1964 Epstein na wenzake wakapata humo kirusi. Kilikuwa kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Kwa wazazi wa watoto wale, habari kubwa ilikuwa dawa. Kisu hakikusaidia, na Mulago haikuwa na mashine ya mionzi. Burkitt alijaribu dawa za saratani zilizokuwa mpya wakati huo, na baadhi ya watoto, waliokuwa wamekatiwa tamaa, uvimbe wao ukayeyuka ndani ya siku chache, wakapona na kukua. Leo watoto wengi wenye ugonjwa huu hupona, mradi wafike hospitali mapema na wamalize dawa.

Swali jipya

Mwaka 1966 Burkitt alirudi Uingereza na familia yake. Mwaka uliofuata alikutanishwa na Peter Cleave, daktari mstaafu wa jeshi la majini. Cleave aliamini kwamba magonjwa mengi ya nchi tajiri yanatokana na sukari nyeupe na unga uliokobolewa mno.

Mtu mwingine angepuuza. Lakini Burkitt aliikumbuka miaka yake ya upasuaji Uganda. Magonjwa yaliyojaza hospitali za Uingereza, kama kidole tumbo, mawe kwenye nyongo na saratani ya utumbo mpana, kule aliyaona kwa nadra sana. Akarudia njia yake ya zamani, safari hii kwa posta. Kila mwezi aliziandikia hospitali nyingi za Afrika, hasa za misheni, akiomba hesabu ya wagonjwa.

Kisha akafanya jambo ambalo watu wazima hawapendi hata kulitaja. Yeye na wenzake walipima choo. Watu walimezeshwa vipande vidogo vya plastiki vinavyoonekana kwenye picha ya eksirei, halafu haja zao zikakusanywa, zikapimwa uzito na kupigwa picha, ili ijulikane chakula kinachukua muda gani kupita mwilini. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 1972, yalikuwa wazi. Kwa wanakijiji wa Uganda chakula kilipita kwa siku moja na nusu hivi, na choo chao kwa siku kilikuwa kingi zaidi ya mara tatu ya kile cha Waingereza. Kwa Waingereza chakula kilikaa karibu siku tatu.

Burkitt aliamini tofauti ni nyuzinyuzi, yaani ile sehemu ya chakula isiyosagika tumboni. Ipo kwenye pumba za nafaka, maharage, kunde, mboga za majani na matunda. Nyuzinyuzi hulainisha choo na kukisukuma, kwa hiyo vitu vyenye madhara havikai muda mrefu vikigusana na ukuta wa utumbo. Kwa lugha ya jikoni kwetu, ni tofauti kati ya dona na sembe iliyokobolewa hadi ikawa nyeupe pe.

Tafiti zilizofuata hazikukubaliana naye kwa kila kitu. Hata hivyo zile kubwa, zilizofuatilia watu wengi kwa miaka mingi, zinaonyesha kwamba wanaokula nafaka zisizokobolewa na nyuzinyuzi kwa wingi hupata saratani hii kwa uchache zaidi. Mwaka 2015 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walithibitisha kwamba nyama za kusindikwa, kama soseji, huongeza hatari. Pombe, sigara na unene nazo zimo kwenye orodha.

Nadra si sawa na hakuna

Hapa ndipo tunapotaka kutulia kidogo. Burkitt alisema saratani hii ni nadra vijijini Afrika kwa watu aliowaona, wakila walichokula, katika miaka ile. Hakusema kwamba mwili wa Mwafrika una kinga. Hoja yake ilikuwa kinyume chake. Kama chanzo ni chakula na maisha, basi wakibadilika, ugonjwa utakuja.

Na vimebadilika. Sembe nyeupe, soda, chipsi na soseji vimefika hadi kwenye magenge ya vijijini. Tunaishi pia miaka mingi kuliko zamani, na saratani hii huongezeka kadiri umri unavyosogea. Hospitali zetu zinaiona zaidi kuliko zamani, na wagonjwa wengi hufika ikiwa imeshasambaa. Wapo pia waliokula dona na kisamvu maisha yao yote wakaugua. Chakula kizuri hupunguza hatari, lakini hakiiondoi.

Kuchelewa kuna sababu zake. Ukiona damu kwenye choo, jirani atasema ni bawasiri, mwingine atasema ni amiba, na sisi wa kando ya ziwa tutasema ni kichocho. Mara nyingi huwa kweli. Tatizo ni kutibu kwa kubahatisha, dawa ya duka mwezi huu na mizizi mwezi ujao, mpaka mwaka unakatika bila mtu kupimwa.

Dalili na vipimo

Nenda kituo cha afya ukiona damu kwenye choo, au choo cheusi kama lami. Nenda ukiona choo kimebadilika kwa wiki tatu au zaidi, iwe kufunga au kuharisha, au kikawa chembamba kuliko kawaida. Nenda ukipungua uzito bila sababu, ukiumwa tumbo mara kwa mara, ukihisi haja haijaisha hata baada ya kutoka chooni, au ukiambiwa una upungufu wa damu usioeleweka. Daktari anaweza kukupima kwa kidole njia ya haja kubwa. Hukaa dakika moja tu, na si jambo la kuona aibu.

Uzuri wa ugonjwa huu, kama tunaweza kusema hivyo, ni kwamba hauji kwa haraka. Mara nyingi huanza na kinyama kidogo kwenye ukuta wa utumbo, kisichouma, na kinaweza kuchukua miaka 10 au zaidi kabla ya kugeuka saratani. Ndiyo maana kuna faida kupima hata mtu asiye na dalili. Nchi nyingi zenye mpango wa uchunguzi huanza watu wakiwa na umri kati ya miaka 45 na 50. Kama mzazi, kaka au dada yako wa damu aliugua, mwambie daktari, maana wewe utashauriwa kuanza mapema zaidi.

Kipimo chepesi ni cha damu iliyojificha kwenye choo. Unachukua choo kidogo kwa kijiti na kukiweka kwenye kichupa. Majibu yakisema kuna damu, hiyo si hukumu, kwani hata minyoo na kichocho huvujisha damu. Maana yake ni kwamba utafutwe mzizi wake. Kipimo kikubwa ni kolonoskopia, mpira mwembamba wenye kamera unaopitishwa njia ya haja kubwa baada ya kunywa dawa ya kusafisha tumbo. Daktari akiona kinyama, anaweza kukitoa palepale, na saratani ikawa imezuiwa kabla haijaanza. Kipimo hiki hakipo kwenye zahanati. Uliza kwenye kituo chako cha afya upewe rufaa.

Katika nchi zenye kumbukumbu nzuri, wagonjwa 9 hivi kati ya 10 huwa hai miaka 5 baadaye kama saratani iligundulika ikiwa bado ndani ya utumbo. Ikishasambaa mbali, hubaki mmoja au wawili.

Burkitt hakuvumbua kipimo chochote kati ya hivi. Alifariki tarehe 23 Machi 1993 nchini Uingereza, akiwa na miaka 82, baada ya miaka mingi ya kuzunguka dunia akiwahimiza watu kula pumba na maharage na kuvitazama vyoo vyao bila aibu. Kwa jicho moja aliona mambo ambayo wengi wenye macho mawili waliyapita.

Wiki hii, ndugu msikilizaji, waulize wazee wako nyumbani kama choo chao kiko sawa. Waulize kwa heshima, mkiwa faraghani, mama na binti au baba na kijana wake. Akikujibu kwamba ameona damu, usimtafutie dawa dukani. Mpeleke apimwe.