Mlinganishe na Yeye Mwenyewe: Maisha ya Lou Gehrig

Umeona mtoto au mgonjwa wako amebadilika, lakini kila unayemwambia anakujibu kwamba mbona yuko sawa tu na wenzake? Maisha ya Lou Gehrig, mchezaji wa besiboli wa Marekani, yatakusaidia kuelewa kwa nini usipuuze ulichokiona.

Mtoto wa Christina

Lou alizaliwa New York tarehe 19 Juni 1903. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Ujerumani. Mama yake, Christina, alizaa watoto wanne, lakini ni Lou pekee aliyefikia utu uzima. Christina alifanya kazi za kupika na kusafisha, na mwanawe akasoma hadi Chuo Kikuu cha Columbia. Mwaka 1923 Lou alijiunga na timu ya New York Yankees. Kuanzia Juni 1925 alicheza mechi 2,130 mfululizo bila kukosa hata moja.

Namba zake zinasema nini?

Katika besiboli, mpigaji hupimwa kwa kuhesabu ni mara ngapi anapiga mpira kwa gongo na kufika salama kituo cha kwanza au zaidi. Ukijumlisha miaka yote aliyocheza, Lou alifanikiwa mara 34 kwa kila majaribio 100. Kuanzia 1926 hadi 1937 hakuna mwaka alioshuka chini ya 30, na mwaka 1937 alifikia 35.

Mwaka 1938 alishuka hadi kati ya 29 na 30. Wastani wa wachezaji wa ligi yake mwaka huo ulikuwa kama 28. Kwa hiyo, ukimlinganisha na wenzake, bado alikuwa juu. Ukimlinganisha na yeye mwenyewe, kuna kitu kilikuwa kimebadilika.

Mwaka 1939 hali ilionekana wazi. Katika majaribio 28 alifanikiwa mara 4 tu. Nguvu zilikuwa zimemwishia. Tarehe 2 Mei alimwomba kocha wake amtoe kikosini. Mwezi Juni, siku aliyotimiza miaka 36, madaktari wa Mayo Clinic walimpa majibu: ana ugonjwa wa ALS.

ALS ni nini?

Ni ugonjwa unaoharibu mishipa ya fahamu inayoendesha misuli. Misuli hudhoofika na kusinyaa, na baadaye mgonjwa hushindwa kutembea, kuongea, kumeza na hata kupumua. Hauambukizi. Hadi leo hauna tiba ya kuuponya, ingawa zipo dawa za kupunguza kasi yake. Ni ugonjwa wa nadra, na huwapata zaidi watu wazima.

Lou aliuguzwa nyumbani na mke wake, Eleanor. Alifariki tarehe 2 Juni 1941 akiwa na miaka 37. Eleanor aliendelea kusaidia juhudi za kutafuta fedha za utafiti wa ugonjwa huo, ambao Wamarekani wengi huuita kwa jina la mumewe.

Wewe mama au mlezi ufanye nini?

Namba peke yake haitaji ugonjwa. Kazi yake ni kukuonya mapema.

- Kwa mtoto: angalia mstari wa uzito kwenye kadi ya kliniki. Ukilala au kuanza kushuka, muulize mhudumu wa afya, hata kama mtoto bado ana uzito sawa na wenzake.
- Mtoto akiacha kufanya alichokuwa anakiweza, kama kukaa, kutembea au kusema maneno, mpeleke kituo cha afya bila kusubiri.
- Kwa mtu mzima: akianza kudondosha vitu, kujikwaa mara kwa mara, kukokota maneno au kupaliwa anapokula, mpeleke hospitali.

Ukifika, mweleze daktari alivyokuwa zamani, alivyo sasa, na mabadiliko yalianza lini. Daktari anamwona kwa dakika chache. Wewe unaishi naye kila siku.