Carl Akeley: mwindaji aliyeua gorila wa Mikeno, kisha akaomba walindwe

Kule Kabara, kwenye uwanda mdogo kati ya mlima Mikeno na mlima Karisimbi, kuna kaburi la mzungu mmoja Mmarekani. Wakaaji wengi wa Kivu hawajafika huko. Ni juu sana, baridi ni kali, na vita imefunga njia mara nyingi. Lakini historia ya huyu bwana inatugusa hata sisi wa Bukavu, wenye gorila wa Kahuzi karibu na nyumba zetu.

Anaitwa Carl Akeley. Alizaliwa tarehe 19 Mei 1864 katika familia ya wakulima, jimbo la New York. Tangu ujana kazi yake ilikuwa kuvalisha ngozi ya mnyama aliyekufa juu ya umbo alilolitengeneza, ili mtu akimwona aseme angali mzima. Kazi hiyo ilimpeleka katika nyumba kubwa za makumbusho za Milwaukee, Chicago na mwishowe New York. Ili apate ngozi, alipashwa kwenda kuwinda mwenyewe. Njo hivi alifika Afrika mwaka 1896, kule Somalia. Huko chui alimrukia, na Akeley akamwua kwa mikono mitupu. Mwaka 1910, kwenye mlima Kenya, tembo alimkandamiza chini. Wapagazi wake walifikiri amekwisha kufa. Alipona, ijapokuwa ilichukua miezi.

Mtu wa namna hiyo ungesema haogopi kitu na hahurumii kitu. Kumbe kilichomshinda kilikuwa kinamngojea huku kwetu.

Mwaka 1921 alikuja Kivu kutafuta gorila kwa ajili ya makumbusho ya New York. Alikuwa pamoja na familia ya Bradley, pamoja na binti yao Alice mwenye miaka 6. Wakati ule gorila wa milimani walikuwa wamejulikana kwa wazungu miaka 20 hivi tu, tangu afisa Mjerumani Robert von Beringe alipowaua wawili kwenye mlima Sabinyo mwaka 1902. Tangu hapo kila mwindaji tajiri wa Ulaya alitaka wa kwake. Mwaka uleule wa 1921, mwana wa mfalme wa Uswidi, Wilhelm, naye alikuwa katika volkano zetu na bunduki.

Wengi husahau hili: mzungu peke yake hangempata gorila hata mmoja. Kuna inchi ambako mwindaji huweka chakula mahali, akajificha, mnyama akaja mwenyewe. Kwa gorila haiwezekani, maana chakula chake kiko kila upande: seleri ya pori, upupu, machipukizi ya mianzi. Inabidi kumfuata. Na anayejua kumfuata ni mwenyeji. Yeye njo anaona shina lililotafunwa leo asubuhi, kinyesi chenye joto bado, kiota kilicholaliwa usiku. Anatangulia na panga na mkuki, anafungua njia. Mgeni yuko nyuma, anahema, anashika mizizi asiteleze bondeni. Kisha mwongozaji anasimama, ananyoosha kidole. Kazi yake imefika mwisho. Kinachobaki ni risasi tu.

Hiyo saa njo furaha ya mwindaji. Ametoka mbali, ametumia feza nyingi, amepanda siku kadhaa, na sasa yuko mbele ya kitu alichokiota miaka. Akeley alipiga. Gorila dume aliporomoka kwenye mteremko, na mti mmoja tu ulimzuia asiangukie kwenye korongo. Mwindaji alikuwa na sababu zote za kufurahi. Lakini alipoinama kumtazama uso, furaha ilikatika. Aliona uso wa utulivu, si wa mnyama mkali waliyemsimulia huko Ulaya. Alijiona kama mtu aliyeua mtu.

Lililofuata lilikuwa baya zaidi. Katika uwindaji huo waliuawa majike pia, na mtoto mmoja wa miaka kama 4 alichomwa mkuki na mmoja wa waongozaji. Akeley alimfikia akiwa bado hai. Baadaye aliandika kwamba macho ya mtoto huyo yalimvunja moyo, kwamba angemwacha amkumbatie. Gorila walipofika watano, alisema inatosha. Katika safari hiyo alichukua pia mashini ya kupiga sinema aliyoitengeneza mwenyewe, na kwa mara ya kwanza gorila wakaonekana katika sinema wakiwa hai katika pori lao.

Tusimfanye malaika. Ngozi hizo tano alizipeleka, na hadi leo zinasimama New York, na nyuma yao picha iliyochorwa ya volkano zetu. Lakini aliporudi kwao alianza kuomba kwa nguvu kwamba eneo lile lifungwe, risasi isisikike tena. Mfalme Albert wa Kwanza wa Ubelgiji, ambaye mwaka 1919 alikuwa ametembelea mbuga za Marekani, alikubali. Tarehe 21 Aprili 1925 ilizaliwa mbuga ya taifa ya Albert, ya kwanza katika Afrika. Njo hiyo leo tunaiita Virunga.

Mwaka 1926 Akeley alirudi na bibi yake Mary, mchoraji William Leigh na mtaalamu Mbelgiji Jean-Marie Derscheid. Alikuwa amekwisha kuwa mgonjwa. Alifika Kabara, mahali alipopenda kuliko pengine popote, na huko akafariki mwezi wa Novemba 1926, akiwa na miaka 62. Mary alimzika, akabaki kumaliza kazi.

Na wale waongozaji? Mbuga iliyozaliwa kwa majuto ya mgeni ilifunga pia pori la wenyeji, pale walipokata kuni, walipowinda, walipochunga. Hawakuulizwa. Malalamiko hayo tunayasikia hata leo, kwa ndugu zetu Watwa wa Kahuzi waliotolewa porini katika miaka ya 1970. Akeley alilipa feza kuwinda, akajuta, akapewa sifa. Mwenyeji aliyemwonyesha njia alipoteza njia yenyewe.

Lakini ufundi wake haukufa. Ukipanda Tshivanga leo, anayekutangulia anasoma majani yaleyale, kinyesi kilekile. Tofauti ni kwamba akinyoosha kidole, mgeni anainua simu, si bunduki. Hesabu iliyotangazwa mwaka 2019 ilionyesha gorila wa milimani 1.063, katika Virunga na Bwindi. Kwa ajili hiyo, walinzi zaidi ya 200 wa Virunga wamekwisha kuuawa kazini. Wengi wao ni watoto wa vijiji vilevile.

Basi tukitaja jina la aliyelala Kabara, tuwataje na hao. Bila wao, mwindaji yule hangeona uso uliombadilisha.