John Akii-Bua, Mkimbiaji wa Njia ya Kwanza



Muhula uliopita, siku ya michezo ya dakhalia, nilipangiwa kukimbia mita 400 katika njia ya kwanza, ile ya ndani kabisa. Nilinuna. Kila aliyepata kukimbia katika kiwanja chetu cha hapa Wingwi anajua kwamba kona ya njia hiyo ni kali, mwili huvutwa nje na miguu haipati kunyooka. Nikatoka wa nne. Nilipokwenda nyumbani likizo nikamwambia babu kuwa njia ndiyo iliyoniponza. Babu akacheka mpaka kofia ikamwanguka, akaniuliza kama nimepata kumsikia Akii-Bua. Sikuwa nimemsikia. Tangu siku hiyo nimeuliza na nimesoma, nami napenda kuwasimulia niliyoyapata.

John Akii-Bua alizaliwa tarehe 3 Desemba 1949 huko Abako, katika nchi ya Walango, kaskazini ya Uganda. Baba yake alikuwa chifu mwenye wake wengi, na watoto wa nyumba ile inasemekana walifika 43. (Sisi kwetu tuko saba tu, na chakula cha jioni tayari ni mashindano.) Baba alipofariki, kijana huyu aliacha masomo, na baadaye akaingia polisi mjini Kampala. Huko ndiko mbio zake zilikoonekana. Mwalimu wake Mwingereza, Malcolm Arnold, alimtoa katika viunzi vya mita 110 akamtia katika mita 400, ambako mtu huruka viunzi 10, kila kimoja kimo chake futi 3, huku pumzi zinamwishia. Mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, alitoka wa nne. Wa nne hapewi medali. Hilo nalijua vizuri.

Basi akarudi mazoezini. Alivaa fulana iliyotiwa vizito, akakimbia vilimani na kuruka viunzi nayo mwilini. Tena alijifunza kuruka kwa kutanguliza mguu wowote, wa kulia au wa kushoto, ili asilazimike kubadili hatua zake kila anapokaribia kiunzi.

Tarehe 2 Septemba 1972, mjini Munich, zilikimbiwa fainali za Olimpiki. Akii-Bua alipewa njia ya kwanza. Miongoni mwa wapinzani wake alikuwamo David Hemery wa Uingereza, bingwa wa mwaka 1968, mwenye rekodi ya dunia ya sekunde 48.12. Hemery aliondoka kama mshale. Lakini kona ya mwisho, kona ile ile ninayoilalamikia mimi, Akii-Bua alikuwa amekwisha kumfikia, na walipoingia katika mnyoosho akamwacha. Saa ikasoma sekunde 47.82. Hakuna binadamu aliyewahi kushuka chini ya 48 kabla yake. Ralph Mann wa Marekani alikuwa wa pili na Hemery wa tatu. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Uganda katika Olimpiki. Naye hakusimama, alizidi kuzunguka kiwanja, akiviruka viunzi tena kwa furaha.

Idi Amin alimpandisha cheo na kumpa nyumba. Walakini Akii-Bua alikuwa Mlango, kabila moja na Milton Obote aliyepinduliwa, na Walango wengi waliuawa katika miaka ile. Mwaka 1976 ilipofika Olimpiki ya Montreal, nchi nyingi za Afrika, pamoja na Tanzania na Uganda, zilisusia, kwa sababu New Zealand ilikuwa imepeleka timu ya raga Afrika Kusini ya makaburu. Filbert Bayi wetu alikosa mbio zake za mita 1500, na Akii-Bua akakosa kuitetea dhahabu yake. Edwin Moses wa Marekani alishinda kwa sekunde 47.63, na rekodi ikaondoka hivyo, bila mwenyewe kuwapo. Babu anasema kususia kulikuwa haki. Mimi nakubali, lakini naona uchungu.

Mwaka 1979 Amin alipoangushwa vitani, Akii-Bua alikimbilia Kenya na familia yake, akawekwa katika kambi ya wakimbizi. Kampuni ya viatu ya Puma ndiyo iliyomsaidia kufika Ujerumani Magharibi. Alikimbia tena Moscow mwaka 1980, akaishia nusu fainali. Baadaye alirudi kwao na kwenye kazi yake ya polisi, akafariki tarehe 20 Juni 1997, umri wake miaka 47, akazikwa kwa heshima za taifa. Uganda haikupata dhahabu nyingine ya Olimpiki mpaka mwaka 2012, Stephen Kiprotich aliposhinda marathoni mjini London.

Babu mbio zile alizipata kwa redio ya betri ya jirani; hakuwahi kuziona. Kabla sijarudi shule nilimwonyesha filamu yake katika simu ya mjomba. Alitazama kimya mpaka mwisho, kisha akaniambia niirudishe mwanzo, akaweka kidole chake juu ya njia ya kwanza.