Thomas Cook, mwinjilisti aliyejaza treni

Tarehe 5 Julai 1841, watu wapatao 500 walipanda treni ya mvuke katika kituo cha Leicester, mji wa katikati ya Uingereza. Walikuwa wakienda Loughborough, mwendo wa kilomita zipatazo 20, kuhudhuria mkutano wa vyama vya kupinga pombe. Nauli ilikuwa shilingi moja, kwenda na kurudi. Wengi wao walisimama katika mabehewa yasiyo na paa, moshi na cheche za makaa zikipita juu ya vichwa vyao, na bendi ya muziki ilikuwa pamoja nao. Walishinda huko wakisikiliza hotuba, wakicheza michezo na kunywa chai, na jioni wakarudi nyumbani salama.

Aliyepanga safari ile hakuwa mkurugenzi wa reli wala tajiri. Alikuwa fundi wa mbao na mwinjilisti wa Kibatisti mwenye umri wa miaka 32. Jina lake Thomas Cook. Wengi wamelisikia jina hilo kwa sababu ya kampuni kubwa ya utalii iliyolichukua. Wachache wanajua kwamba kampuni hiyo ilianza katika kazi ya kanisa, na kwamba mwisho wa maisha yake mzee huyo alisukumwa kando katika kazi aliyoianzisha mwenyewe.

Mtoto wa mjane

Thomas Cook alizaliwa tarehe 22 Novemba 1808 katika kijiji cha Melbourne, jimbo la Derbyshire. Baba yake alifariki Thomas akiwa bado mtoto mdogo. Alipofika miaka 10 aliacha shule, akaenda kufanya kazi kwa mkulima wa mboga kwa mshahara wa peni moja kwa siku. Akiwa na miaka 14 aliwekwa kwa jamaa yake John Pegg ili ajifunze ufundi wa mbao.

Familia ya mama yake ilikuwa ya Wabatisti, na babu yake upande wa mama alikuwa mhubiri. Thomas alikua ndani ya shule ya Jumapili, kwanza kama mwanafunzi, kisha kama mwalimu. Alibatizwa mwaka 1826. Miaka miwili baadaye kanisa lilimtuma kuwa mwinjilisti wa vijijini: kuhubiri, kugawa vitabu na kuanzisha shule za Jumapili. Katika mwaka mmoja, 1829, alisafiri zaidi ya kilomita 4,300, na zaidi ya kilomita 3,300 kati ya hizo alizitembea kwa miguu. Mtu aliyekuja kuwasafirisha maelfu alijua kwanza uchungu wa barabara katika nyayo zake.

Kisha fedha za kanisa zikapungua, na mwinjilisti hakuweza kulipwa tena. Cook alirudi kwenye mbao zake, lakini hakuacha kuhubiri. Mwaka 1833 alimwoa Marianne Mason, na mwaka uliofuata wakapata mtoto wa kiume, John Mason Cook. Waliishi Market Harborough. Wakati huo Cook alikuwa ameweka ahadi ya kutokunywa kileo. Aliona jinsi mishahara ya wafanyakazi ilivyoishia katika vilabu vya pombe, na watoto wakilala na njaa. Vita dhidi ya pombe ikawa wito wake.

Hesabu ya viti vitupu

Tarehe 9 Juni 1841 alikuwa akitembea kwa miguu kutoka Market Harborough kwenda Leicester, karibu kilomita 24, kuhudhuria mkutano wa kupinga pombe. Njiani akapata wazo: je, mashine hii mpya, treni, haiwezi kuitumikia kazi yetu?

Reli ya kampuni ya Midland Counties ilikuwa imefunguliwa mwaka mmoja tu kabla. Treni ya mvuke ni kitu rahisi kukieleza. Makaa ya mawe yanachoma maji ndani ya tanki kubwa la chuma, mvuke unasukuma pistoni, pistoni zinazungusha magurudumu. Lakini ni kitu cha gharama. Kichwa cha treni kinahitaji dereva na mtu wa kuchochea moto, hata kama mabehewa ni matupu, na reli yenyewe imekwisha kugharimu fedha nyingi kabla abiria wa kwanza hajapanda. Kampuni nyingi za wakati ule ziliwatazama zaidi wafanyabiashara na watu wenye uwezo. Maskini hawakuwa katika hesabu yao.

Cook aliigeuza hesabu hiyo. Mtu mmoja maskini hawezi kulipa nauli kubwa, lakini watu 500 maskini, kila mmoja na shilingi yake, wanaweza kuijaza treni nzima, na kampuni isipate hasara. Wanakwaya wetu wanaoijua kazi ya kukodi lori kwenda kwenye mkutano mkuu wanaielewa hesabu hiyo bila kufundishwa: gari likijaa, mzigo wa kila mtu unakuwa mwepesi. Kazi inabaki ya mtu mmoja anayekubali kusimama mbele, kuzungumza na mwenye gari, kukusanya fedha na kujibu kama jambo likiharibika.

Cook hakuwa wa kwanza kabisa kupanga treni ya matembezi. Vikundi vingine vya wafanyakazi Uingereza vilikuwa vimefanya hivyo kabla yake. Tofauti yake ni kwamba hakuishia kwenye safari moja. Kwa miaka mitatu iliyofuata alipanga safari za vyama vya kupinga pombe na za watoto wa shule za Jumapili, bila kutafuta faida. Alihamia Leicester, akafungua kazi ya kupiga chapa na kuuza vitabu. Marianne alisimamia nyumba yao ya wageni isiyouza kileo.

Kuanguka na kuinuka

Mwaka 1845 alipanga safari yake ya kwanza ya biashara, kutoka Leicester hadi Liverpool. Kabla ya siku yenyewe aliipita njia yote, akakagua mahali pa kulala, kisha akaandika kitabu kidogo cha kuwaongoza abiria. Mwaka 1846 aliwapeleka watu 350 hadi Scotland kwa treni na meli. Safari hiyo ilikuwa na taabu nyingi, na chakula kilichoahidiwa njiani hakikupatikana. Mwaka huohuo Cook alifilisika. Wengi wangeishia hapo. Yeye alianza upya, na Scotland ikaja kuwa mojawapo ya njia zake kubwa.

Mwaka 1851 yalifanyika Maonyesho Makuu mjini London, ambapo mashine na bidhaa za mataifa zilionyeshwa ndani ya jumba kubwa la vioo. Cook alitembelea miji ya viwanda, akawahimiza wafanyakazi kuweka akiba kidogo kidogo kila wiki. Kijana wake John, mwenye miaka 17, alimsaidia. Watu wapatao 150,000 walisafiri kwa mipango yao. Wengi wao hawakuwa wameiona London maishani mwao.

Si kila mtu alifurahi. Watu wa tabaka la juu walikuwa wamezoea kuona milima, majumba ya sanaa na miji ya kale kama mali yao. Waandishi wao waliwacheka abiria wa Cook, wakawaita kundi la ng'ombe wanaoswagwa. Yeye alijibu hoja yao: dunia ni ya Mungu, na uzuri wake haukuumbwa kwa ajili ya matajiri peke yao. Mwaka 1862, kampuni za reli za Scotland zilipokataa kuendelea kumpa tiketi za vikundi, aligeukia nchi nyingine. Mwaka 1863 alipeleka kikundi Uswisi, mwaka uliofuata Italia. Wanawake ambao desturi za siku zile hazikuwaruhusu kusafiri peke yao walipata ndani ya vikundi vyake njia ya kwenda kwa heshima na usalama.

Mwaka 1869 alitimiza hamu ya miaka mingi: kupeleka kikundi Misri na Palestina. Huko hapakuwa na treni ya kwenda Yerusalemu. Walisafiri kwa farasi na kulala katika mahema. Kwake yeye, hiyo ilikuwa njia ya kumfanya Mkristo wa kawaida aisome Biblia akiwa ameiona nchi yake. Mwaka 1872 aliondoka tena, akaizunguka dunia kwa siku 222, akiwa na zaidi ya miaka 60.

Baba na mwana

Mwaka 1871 kampuni iliitwa Thomas Cook na Mwanawe. Jina lilikuwa zuri, lakini ndani ya nyumba palikuwa na maumivu. John alikuwa mfanyakazi hodari, mwenye kuheshimu vitabu vya hesabu. Kwake, biashara ni biashara. Baba aliona kila safari kama sehemu ya huduma, akawasaidia wamisionari na makanisa, na John aliona anachanganya fedha za kampuni na mambo ya dini. Kila mmoja alikuwa na sehemu ya haki. Bila moyo wa baba, kazi isingeanza. Bila hesabu za mwana, huenda isingedumu. Lakini walishindwa kuketi pamoja na kuweka mpaka ulio wazi, na mwaka 1878 walitengana. Mzee alitolewa katika uongozi, akarudi Leicester.

Huzuni ilimfuata huko. Mwaka 1880 binti yake Annie alifariki ndani ya nyumba yao mpya, akiwa anaoga, baada ya kuzidiwa na hewa ya sumu iliyotoka katika mtambo wa gesi wa kupashia maji moto. Mwaka 1884 Marianne pia alifariki. Macho ya Cook yalififia mpaka akawa kipofu. Yeye aliyewaonyesha wengine nchi nyingi, sasa alishikwa mkono ndani ya nyumba yake. Hata hivyo alikumbuka alikotoka. Katika kijiji chake cha Melbourne alijenga nyumba 14 ndogo pamoja na ukumbi wa ibada, ili Wabatisti maskini wapate mahali pa kuishi. Alifariki tarehe 18 Julai 1892. Miezi miwili baadaye, mwezi wa Septemba, reli ya kutoka Jaffa hadi Yerusalemu ilifunguliwa.

John aliifanya kampuni kuwa kubwa kuliko baba alivyowaza. Mwaka 1898 alisimamia safari ya mfalme mkuu wa Ujerumani, Wilhelm wa Pili, kwenda Nchi Takatifu. Kazi iliyoanza na wafanyakazi waliosimama katika mabehewa bila paa ilifika kuwahudumia wafalme. John aliugua katika safari hiyo, akafa mwaka 1899. Mwaka 1928 wajukuu wa Thomas waliiuza kampuni kwa wengine. Tarehe 23 Septemba 2019, ikiwa imelemewa na madeni, ilifungwa.

Kilichobaki

Ukifika leo nje ya kituo cha treni cha Leicester utaona sanamu ya Thomas Cook. Na kati ya Leicester na Loughborough treni za mvuke bado zinatembea. Reli hiyo, iitwayo Great Central, si ileile aliyopita Cook. Ilijengwa baadaye, ikafungwa mwaka 1969, kisha wapenzi wa treni wakaiokoa. Watu wa kujitolea wanatengeneza vichwa vya treni vya zamani, wanapaka rangi mabehewa, wanakata tiketi na kuchochea moto, ili familia zipande kwa siku moja ya matembezi na kurudi jioni. Ni safari ya kilomita 13 hivi. Kampuni iliyotokana na kazi ya Cook ilifungwa, lakini katika miji ileile watu bado wanafanya jambo lilelile alilolifanya mwaka 1841: kuijaza treni kwa furaha ya watu wa kawaida.

Wapendwa, maisha haya yanatuuliza mambo mawili. La kwanza linahusu maskini. Katika makanisa yetu tunalalamika mara nyingi kwamba hatuna vyombo. Cook hakuwa na treni. Aliona treni iliyokuwapo, na viti ambavyo hakuna aliyefikiri kuwapa maskini. Ni vitu gani viko tayari katika parokia zetu, majengo, magari, ujuzi wa waamini, ambavyo vinakaa vitupu kwa sababu hakuna aliyehesabu watu wadogo?

La pili ni gumu zaidi, na linawahusu wazee wetu na vijana wao. Kazi nyingi za kanisa huanza na mtu mmoja mwenye moto: shule, zahanati, kwaya, shirika la akina mama. Kisha kazi inakua, fedha zinaingia, na mwana anauliza vitabu vya hesabu viko wapi. Si kosa kwake kuuliza, wala si kosa kwa mzee kukumbusha kazi ilianzishwa kwa ajili ya nani. Kosa ni kungoja mpaka maneno yawe makali. Mazungumzo hayo yafanyike mapema, mzee akiwa bado anaona, na kijana akiwa bado anasikiliza. Bwana atusaidie tukae mezani kabla ya siku hiyo.