Mama Aliyerudia Mtihani

Sisi tuliofundisha miaka mingi twajua kwamba mtihani huweza kutungwa ili mtu afaulu, tena huweza kutungwa ili asifaulu kamwe. Wa namna hii ya pili ndio uliomkuta Mama Fannie Lou Hamer wa jimbo la Mississippi, huko Marekani.

Alizaliwa tarehe 6 Oktoba 1917, mtoto wa ishirini na wa mwisho wa wazazi waliolima pamba katika shamba la mwenyewe. Alianza kuchuma pamba akiwa na miaka sita, na shule akaiacha mapema. Tangu 1870 Katiba ya nchi yake ilikataza raia kunyimwa kura kwa ajili ya rangi yake. Lakini mama huyu alifika miaka 44 pasipo mtu kumwambia kwamba haki hiyo ni yake. Aliisikia katika mkutano kanisani, mjini Ruleville, Agosti 1962.

Tarehe 31 ya mwezi huo, yeye na wenzake 17 walipanda basi kwenda Indianola kujiandikisha. Karani akampa kifungu cha Katiba ya jimbo akinakili, kisha aeleze maana yake. Kilikuwa kifungu kigumu cha mambo ya sheria, ambacho hata sisi wenye vyeti vya ualimu kingetutoa jasho. Na msahihishaji alikuwa karani yule yule. Akashindwa. Njiani kurudi polisi walisimamisha basi na kumtoza dereva faini, eti rangi ya basi haifai! Abiria waliposhikwa na hofu, Mama Hamer alianza kuimba nyimbo za dini.

Jioni ile mwenye shamba alimtaka afute jina lake ama ahame. Alikuwa amefanya kazi hapo miaka 18. Akahama usiku ule ule, mumewe akabaki kumaliza mavuno. Siku kumi baadaye nyumba ya watu waliomhifadhi ilipigwa risasi 16.

Desemba akarudi kwa karani, akamwambia kwamba atamwona kila baada ya siku 30 mpaka afaulu. Januari 1963 akafaulu. Lakini alipotaka kupiga kura, akadaiwa stakabadhi za kodi ya kichwa. (Kodi hiyo wazee wetu waliijua sana, ila wao waliilipa bila kupewa kura yo yote.)

Juni 1963 alikamatwa mjini Winona, akapigwa gerezani kwa amri ya askari hata figo yake ikaharibika. Tarehe 22 Agosti 1964 aliyasimulia hayo yote katika mkutano mkuu wa chama cha Democratic, Atlantic City. Rais Johnson aliita waandishi wa habari ghafula ili televisheni zimwache mama huyu. Usiku zikamwonyesha, na nchi nzima ikamsikia.

Tarehe 6 Agosti 1965 ilitiwa sahihi sheria iliyosimamisha mitihani ile katika Mississippi. Aliyeitia sahihi ni Johnson yule yule.

Mama Hamer alifariki tarehe 14 Machi 1977, mwenye miaka 59, akazikwa Ruleville.